Shata ya Elfu Mbili na Ndege ya Odero

Baba yangu alikuwa na baiskeli moja nyeusi, yenye karia pana ya kubebea magunia ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Kila Jumapili baada ya kanisa aliipindua kwenye nyasi, kiti chini, magurudumu juu, akaisafisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilikuwa na kama miaka saba. Siku hiyo alizungusha pedali kwa mkono, gurudumu la nyuma likaenda mbio mpaka spoki zikapotea. Niliona duara tu, kama ungo uliofumwa kwa moshi, na ng'ambo ya ule ungo niliona kuku wa mama wakitembea. Nikasema moyoni, hapa hakuna kitu. Nikaingiza kidole.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika pale kucha inapoanzia. Baba hakunipiga, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Aliniuliza tu, "Kwani hukuziona?"

"Hazikuwepo," nikamwambia.

Akamtazama mama. "Huyu hatasoma."

Alisema kweli, niliacha shule darasa la nne. Lakini haikuwa kwa sababu ya kidole, ilikuwa ni mbuzi. Hayo ya mbuzi niyaache, nikianza na mbuzi hatutafika.

Beryl ndiye ameniambia niandike haya. Ni yule dada mwenye studio hapa Sori, karibu na kituo cha magari, na wengi wenu kwenye chama chetu cha wapiga picha mnamjua. Alisema, "Mzee, andika vile unaongea." Alitaka nianze na kamera. Mimi nimeanza na baiskeli kwa sababu, mkinivumilia, mtaona kwamba ndiyo iliyonifundisha kupiga picha ya ndege ikiwa hewani. Mshahara na vyeo sitaandika. Vyeo sikuwa navyo, na mshahara ulikuwa unajimaliza wenyewe.

Nilikwenda Migori mjini nikiwa kijana, natafuta kazi ya kubeba mizigo. Mvua ikanikuta sokoni, nikajibanza kwenye baraza ya studio. Mwenyewe alikuwa Mkuria wa kutoka Kehancha, Mzee Marwa, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akatoka.

"Wewe Mjaluo, unanizibia mlango ama unataka kazi?"

"Nataka kazi."

"Lete mikono." Akaigeuza kama anayenunua mihogo. "Hii nini?"

"Baiskeli, Mzee."

"Sawa. Utabonyeza na kidole cha kati. Kamera haijui majina ya vidole."

Miaka yote nilibonyeza na cha kati. Nyinyi vijana mlikuwa mnacheka mkidhani natukana watu. Sasa mmejua.

Miezi ya kwanza sikugusa kamera. Nilifagia, nikaosha sinia za dawa kwenye chumba cha giza, nikaanika picha kwenye kamba kama nguo za mtoto. Marwa hakuwa anaeleza kitu mara mbili. Kupima mwanga alinifundisha kwa kiganja: unakunjua mkono mahali uso wa mteja utakapokuwa, jua ama kivuli, unapima pale. "Usipime mawingu," alisema, "mawingu hayalipi." Na kitu kinachokimbia alinifundisha kwa lugha ya kwao: "Ng'ombe akikimbia, usitazame miguu, utachanganyikiwa. Chagua pembe moja, ukae nayo." Hilo la pembe nililisikia nikiwa kijana, nikalielewa nikiwa na mvi. Namshukuru hata hivyo. Deni la mwalimu haliozi.

Kitu kilichokuwa kinaleta watu kwa Marwa ni kitambaa. Kilikuwa cheupe zamani, kimechorwa ndege kubwa ya buluu yenye madirisha na propela mbili. Mbele yake tuliweka ngazi ya mbao, vipandio vitatu. Mteja anapanda, anageuza shingo, anapunga mkono kama anayekwenda Ulaya. Mchoraji hakuwa amewahi kukaribia ndege. Propela alizichora zimesimama wima kama miiko ukutani, na abiria wote aliwapa uso mmoja. Watu walipenda hivyo hivyo. Marwa alipofariki, watoto wake waliniambia nichague kitu kimoja cha ukumbusho. Nikachukua kitambaa. Wakaniongezea na kamera bila kuombwa, Mungu awabariki.

Nikarudi nacho Sori, nikafungua studio ya mabati. Nadhani hakuna nyumba ya zamani hapa ufukweni isiyokuwa na mtu aliyepanda ndege yangu. Wakaanza kuniita Japicha, mtu wa picha, na jina la kwenye kitambulisho likabaki kazi ya chifu.

Mteja mgumu kuliko wote wa miaka ile alikuwa mvuvi mmoja, Ogola. Alitaka picha ndogo ya kadi ya chama cha wavuvi, uso tu, mdomo umefungwa. Lakini Ogola alikuwa na tabia: akiweka akili mahali pamoja, ncha ya ulimi inatoka, anaiuma kwa meno. Akiendesha boti, ulimi. Akishona nyavu, ulimi. Sasa nikimwambia, "Ogola, kaa sawa," anaweka akili kwenye kukaa sawa, na ulimi huo!

"Omera, ndugu yangu, rudisha ulimi."

"Umerudi."

"Haujarudi!"

Nilimaliza karibu nusu ya filamu. Mwishowe nilimpiga akiwa anapiga chafya. Kadi ilikataliwa, akavua samaki bila kadi mwaka mzima.

Ogola alikuwa na wake wawili, Min Odero na Min Atieno. Min ni mama kwa lugha yetu, mama yake fulani. Wote wawili waliuza omena sokoni, meza zao zimeelekeana. Mume alipokufa walizika pamoja, wakalia pamoja, kisha wakarudi kwenye meza zao na kuendelea kurushiana maneno kama zamani. Min Odero alisomesha mtoto wake Odero kwa omena mpaka akawa rubani. Mimi niliona ile safari yote kutoka mlangoni mwa studio yangu. Yule mama viatu alivyokuwa anavaa, mimi nisingevaa hata kuvuka mto.

Hapo katikati filamu zikaisha, kamera za kadi zikaja. Niseme ukweli, nililia. Beryl ndiye alinikalisha chini akanionyesha, akiwa mdogo kuliko bintiye binti yangu, na hakunicheka hata nilipouliza kadi inasafishwa na dawa gani.

Kuhusu ndege: helikopta nilipiga nyingi, za mazishi na za kampeni. Lakini niliipiga ikiwa imeshatua, mkubwa anashuka, ameshika kofia. Ndege ikiwa hewani mwenye pesa haonekani, kwa hivyo hakuna aliyeniomba. Mpaka Min Odero alipoingia studioni, akaketi, akaweka mkoba kwenye magoti.

"Japicha, unajua wanasema nini sokoni?"

"Sokoni wanasema mengi."

"Nyieka anasema mtoto wangu anabeba mizigo uwanja wa ndege." Nyieka ni mke mwenza. "Nilimwonyesha ile picha Odero amesimama kando ya ndege na shati nyeupe. Unajua alinijibu nini? 'Hata mlinzi wa geti ana shati nyeupe. Mtu akisimama kando ya ng'ombe, ng'ombe ni wake?'"

Nilicheka, nikaona yeye hacheki, nikaacha.

"Nataka ndege iko juu," akasema. "Na uso wake uko ndani, dirishani. Kitu ambacho mtu hawezi kukipinga."

"Kwa nini usimpeleke Homa Bay aone mwenyewe?"

"Mimi? Nimwone mtoto wangu akining'inia juu pale? Moyo wangu utasimama. Mimi nitamwona kwenye karatasi."

Odero alikuwa anarusha ndege ndogo za abiria, za propela moja mbele na bawa juu. Mara kwa mara alitua kwenye kiwanja cha Homa Bay. Nikampigia simu, akanipa siku. Nikaenda, nikasimama nje ya ua upande wa kushoto wa ndege, kwa sababu rubani mkuu hukaa kushoto. Hilo ndilo jambo la kwanza, vijana, muulize kabla ya kupanda gari. Kuna mtu namjua alipiga kiti kitupu.

Na shata, ile kasi ya kamera kufumba jicho, nikaweka elfu mbili, yaani sekunde moja imekatwa vipande elfu mbili. Kila mtu anajua, kitu kinachokimbia kinataka shata kali. Hivyo ndivyo tunavyopiga picha za mpira. Ndege ikashuka, nikabonyeza, nikatazama nyuma ya kamera. Uso wa Odero safi, misumari ya bawa unaweza kuihesabu. Nilirudi Sori najisikia kama nimeizaa mimi hiyo ndege.

Min Odero akaipeleka sokoni. Nami nikaenda nyuma yake, nilitaka kusifiwa, sitaficha. Min Atieno akaishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala.

"Japicha, hiki si ndicho kile kitambaa chako?"

"Kitambaa gani, mama? Hii nimepiga Homa Bay."

"Ndege inaruka propela imesimama? Hata boti ikizimika injini, inapelekwa na upepo. Hii inapelekwa na nini, maombi?"

Wanawake wakaanza kukaribia. Nikaangalia picha vizuri kwa mara ya kwanza. Propela ilikuwa imesimama wima, kila ubapa unaonekana, kama mwiko ukutani. Kama ya kitambaa. Ile shata ilikuwa kali sana, imeikata ndege pumzi.

"Na kichwa cha Odero wamekibandika na simu," mwingine akasema. "Watoto wa siku hizi wanabandika hata wewe na simba."

"Basi na mimi anibandike na waziri!"

Soko zima likacheka. Na walikuwa na haki. Karibu wote walikuwa wamepanda ndege yangu ya uongo kwa vipandio vitatu. Sasa nawaletea ya kweli, nani ataniamini? Min Odero akaichukua. Aliifunga picha kwenye gazeti, akaiweka chini ya beseni. Kisha akanishukuru, "Ero kamano, Japicha." Angenitukana ningelala. Asubuhi yake nilimkuta amehamisha meza yake mpaka mwisho wa soko, kule karibu na choo, ambako hakuna mteja anayefika kwa hiari.

Nikampigia Odero. Akasema, "Mzee wangu, mwezi ujao naondoka nchini, nimepata kazi ya ndege kubwa. Homa Bay nitakuja mara moja tu, Alhamisi ya mwisho. Nitatua saa nne, nitaruka saa tano." Ndege kubwa haina propela, na haitui kwetu. Kwa hivyo zilibaki nafasi mbili, kutua na kuruka. Baada ya hapo yule mama angekaa karibu na choo mpaka siku atakapozikwa.

Siku tatu sikujua la kufanya. Ya nne nilipita kwa fundi wa baiskeli. Alikuwa amepindua moja, anazungusha gurudumu kwa mkono. Kidole changu kifupi kikawasha. Nikasimama pale, nikaliona tena lile duara la moshi, na ng'ambo yake kuku wa mtu. Nikakumbuka nilivyomjibu baba. Kumbe jicho la mtoto ndilo lilikuwa sawa! Kitu kinachozunguka kinatakiwa kipotee. Ukikionyesha wazi, umekisimamisha.

Nikamwambia fundi, "Zungusha tena."

"Imevunjika?"

"Zungusha tu, omera."

Nikatoa kamera. Shata elfu mbili, spoki zimesimama. Mia tano, zimesimama kwa aibu kidogo. Mia mbili hamsini, zinaanza kuyeyuka. Mia moja ishirini na tano, moshi. Basi andikeni: propela, mia moja ishirini na tano, ukiwa na mkono mtulivu shuka chini yake. Helikopta mapanga yake ni ya pole, shuka mpaka sitini na umwombe Mungu. Ndege ya jeti haina cha kuzunguka mtu akaona, weka elfu moja, ule karanga.

Lakini shata ya pole ina gharama zake. Ya kwanza, mchana kweupe mwanga unaingia mwingi, picha inajaa maziwa. Teremsha ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka mia, funga tundu la lenzi mpaka kumi na sita. Ya pili, tundu likiwa dogo hivyo, uchafu wote ndani ya kamera unaonekana angani, na sisi watu wa ziwa tuna wale wadudu wa kuruka kama moshi; safisha kamera kabla, ama mbingu yako itakuwa na omena. Ya tatu ndiyo mama yao: kila kitu kitatikisika, na uso wa rubani pia, usipoenda na ndege kwa mwendo wake. Na mimi nilitaka propela ya moshi na uso wa wazi, vyote kwenye karatasi moja.

Nikaenda kukaa kando ya barabara, nikapiga pikipiki za boda boda zikipita. Mamia. Mwanzoni zote uji. Hapo nikamkumbuka Marwa: chagua pembe moja, ukae nayo. Nikaacha kufuata pikipiki, nikafuata jicho la dereva. Viwiko vimebana mbavu. Miguu haielekei kitu kinakotoka, inaelekea kitakakoishia, kiuno ndicho kinageuka, na kidole kinabonyeza bila mwili kusimama, ukisimama umeharibu. Baada ya wiki mbili moja kati ya kumi ikawa safi. Dereva mmoja akaja na hasira, "Mzee, unatuandikia polisi?" Nikampa picha yake. Ameibandika kwenye tangi.

Alhamisi ikafika. Nikasimama mahali pale pale nje ya ua, jua mgongoni. Nilikunjua kiganja chini ya kofia, nikapima kivuli, kwa sababu uso wa rubani uko chini ya bawa. Mawingu yakiwa meupe kupita kiasi, shauri yao. Saa nne ndege ikatokea mkono wangu wa kulia, inashuka. Nikaweka nukta ya katikati kwenye dirisha la kushoto, nikaanza kugeuka.

"Misawa, baba!"

Alikuwa bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, amesimama nyuma yangu. Sasa mtaniambia, Mzee, ungenyamaza. Nyinyi mngenyamaza? Mimi nilifundishwa mtu mzima akikusalimu, unamgeukia. Nikageuka. Nikamjibu. Akauliza habari za nyumbani, nikampa. Nyuma yangu nikasikia magurudumu yakigusa ardhi.

Nikamweleza yule bibi kisa chote kuanzia mke mwenza, kwa sababu tulikuwa na saa nzima ya kungoja. Akashusha kuni, akakaa juu yake. "Ikija tena," akasema, "hata nyoka akiniuma sitasema." Na kweli, ndege ilipoanza kunguruma mwisho wa kiwanja, aliziba mdomo kwa leso. Nikabana viwiko. Ikaja, ikainua pua, magurudumu yakaachana na vumbi, na mimi nikakaa na dirisha lile, nikakaa nalo, nikakaa nalo, mpaka likapotea juu ya miti.

"Umempata?" bibi akauliza.

"Sijui, mama."

"Mimi nilipumua mwisho mwisho. Samahani."

Zilikuwa picha thelathini na kitu. Beryl akazifungua kwenye kompyuta yake, nami nimesimama nyuma yake. Uji, uji, uji. Kisha moja. Propela ni duara la moshi, unaona kilima nyuma yake. Miti imekuwa mistari kama mkeka. Na katikati ya mkeka, dirisha limetulia, na Odero ndani yake, macho mbele.

"Wueh, Mzee!" Beryl akasema. Akasogeza karibu. "Lakini angalia, ulimi umetoka. Nimtolee? Ni dakika moja."

"Uache."

"Atachekwa."

"Beryl, uache."

Akachapisha kubwa. Nikaipeleka mwenyewe, kamera begani. Sikumpa Min Odero kwanza. Nilimwita, nikamtembeza kutoka kule chooni mpaka kwenye meza ya Min Atieno, nikailaza juu ya omena.

Min Atieno akavaa miwani. "Propela iko wapi?"

"Hiyo. Inazunguka."

"Kama spoki," akasema mwanamke wa meza ya jirani. Nilitaka kumkumbatia.

Min Atieno akaisogelea picha. Aliinama, akainama zaidi, mpaka miwani ikakaribia karatasi. Kisha akaweka kidole pale dirishani.

"Ulimi," akasema pole pole. "Min Odero, njoo uone ulimi wa Ogola."

Min Odero akainama naye. Vitambaa vyao vya kichwa vikagusana. Nikasikia mmoja anacheka, ama analia, sikujua ni yupi. Halafu Min Atieno akajinyoosha, akainua picha juu, soko lote lione.

"Hii ni ndege," akasema, "na anayeiendesha ni mtoto wetu. Nani alisema ni kitambaa?"

 Alishaanza kusukuma mabeseni yake upande mmoja, kupisha nafasi ya meza ya Min Odero.

Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nilitembea mpaka studio ya Beryl, nikatoa kamera begani, nikaiweka kwenye kaunta, na kadi, na chaja, na kile kitambaa cha Marwa kilichokunjwa. Beryl alikuwa na mteja, akauliza bila kugeuka, "Mzee, unarudi saa ngapi?"

Nikamwambia nakwenda kunywa chai. Chai nimeinywea nyumbani, na kamera sijairudia.